Kuichota rangi ya bahari ya Fundo

Wabunifu wengi wanaotengeneza bango la Pemba huanza kwa namna moja. Hufungua picha ya angani, huchukua kile kifaa chenye alama ya bomba la kudondoshea dawa, hubofya juu ya maji, na rangi waliyoipata huimwaga usuli mzima. Kazi ya sekunde mbili. Bango likirudi kutoka kiwandani bahari imefifia, na lawama zote humwangukia mpiga chapa. Mara nyingi anaonewa. Rangi ilikwisha kuharibika tangu pale ilipobofywa, na sijui mahali panapolionyesha hilo vizuri kuliko Fundo.

Kisiwa hiki kirefu, chembamba, kiko magharibi ya Pemba, upande wa Wete. Ubavu wake wa mashariki una maji haba yaliyokingwa, yenye mchanga, nyasi bahari na mikoko. Magharibi, ukishauvuka mwamba, chini panaporomoka kuingia Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufika mita 800 hivi. Maji hunyonya mwanga mwekundu kwanza. Ndiyo maana mchanga uleule mweupe, ukiwa chini ya maji ya magotini, huonekana na ukijani mwepesi. Ukizama zaidi hugeuka feruzi, na mbele yake ni buluu iliyoiva. Ongeza bamvua: siku hizo bahari ya Pemba hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo sehemu ileile huwa na rangi moja maji yakipwa na nyingine yakijaa. Swali la kwanza la mbunifu, basi, ni picha ilipigwa maji yakiwaje.

Swali la pili ni picha yenyewe iliundwaje. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Pikseli moja ya picha zile ni sentimita chache tu za ardhi. Ni hazina kubwa kwa mbunifu, lakini ramani ya aina hiyo huunganishwa na programu kutoka picha ndogo nyingi mno, na programu hiyo husawazisha mwanga ili mishono isionekane. Juu ya nchi kavu huunganisha vizuri, kwa kuwa paa na mnazi havihami. Juu ya maji, wimbi halingoji picha ya pili. Programu hukosa alama za kushikia, na mng'ao wa jua hubaki mabaka mabaka. Ukibofya juu ya baka la mng'ao umechota jua, hukuchota bahari.

Sasa kifaa chenyewe. Katika Photoshop, kikiachwa kama kilivyokuja, husoma pikseli moja tu. Pikseli moja ya maji yenye mawimbi ni bahati nasibu: hii imeangukia povu, ya jirani imeangukia kivuli. Faili ya JPEG nayo huongeza yake, kwa sababu hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Dawa ni kuchota wastani wa eneo. Photoshop hukuruhusu kuchagua 5 kwa 5, 11 kwa 11, hadi 101 kwa 101. GIMP ina kisanduku cha wastani cha kutiki. Inkscape hukuwezesha kuburuta duara, ukapewa wastani wa kilichomo.

Hapa ndipo wengi hushangilia mapema. Wastani ni mzuri pale eneo lote linapokuwa kitu kimoja. Tuseme nusu ya duara imeangukia mchanga wenye wekundu wa 220, na nusu nyasi bahari yenye 40. Kwa hesabu ya kawaida jibu ni 130. Lakini namba hizo hazipandi sawasawa na mwanga. Ukizirudisha kwanza kwenye kipimo cha mwanga halisi, ukatafuta wastani, kisha ukazigeuza tena, unapata 163. Tofauti hiyo jicho linaiona. Na zote mbili, 130 na 163, ni rangi ambayo Fundo haipo popote: si mchanga, si nyasi. Kwa hiyo kuza picha hadi uone unachokichota, kaa ndani ya mchanga mtupu au ndani ya nyasi tupu, chota sehemu tatu nne zilizo mbalimbali, uzilinganishe. Moja ikizikimbia nyingine, itupe.

Kwa sababu hiyohiyo sizipendi programu zinazokutolea rangi tano za picha kwa kitufe kimoja. Nyingi hufuata wingi wa pikseli. Picha ya Fundo ikiwa robo tatu ni bahari, utaletewa buluu nne zinazofanana na kijani kimoja, huku ngalawa, tanga na mistari ya mashamba ya mwani, vitu vinavyomfanya Mpemba apatambue kwao, vikimezwa. Vichote kwa mkono.

Inabaki karatasi. Feruzi ya maji haba ni rangi ambayo skrini huiwasha kwa mwanga, na wino wa CMYK hauwezi kuifikia kwa ukali ule. Photoshop hukuonya kwa pembetatu ndogo yenye alama ya mshangao kwenye dirisha la rangi, usiipuuze. Badala ya kuiacha programu iipoze rangi inavyotaka, chagua mwenyewe: punguza ukali wa feruzi kidogo, kisha ikoleze zaidi buluu ya Mkondo iliyo kando yake, ili jicho liione feruzi ing'avu kwa kulinganisha. Mwombe mpiga chapa akutolee vipande vitatu vya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, uvitazame mchana dirishani, taa za ndani zikiwa zimezimwa, kabla hujaidhinisha kazi nzima.