Kikapu Kilichobaki Uchi

Fungua duka la mtandaoni lililojengwa kwa WooCommerce, nenda ukurasa wa "Kutuhusu". Una aya mbili na picha ya mwenye duka, lakini nyuma yake umebeba CSS ya duka zima, na pengine ya fomu ya mawasiliano na ya picha zinazojisogeza. Plagini nyingi hupakia mafaili yake kila mahali, kwa kuwa hazijui zitahitajika wapi. Kivinjari nacho hakichori kitu mpaka CSS zilizo kichwani mwa ukurasa zifike. Mnunuzi anakodolea macho skrini nyeupe huku bando likienda.

WooCommerce yenyewe huleta mafaili 3 ya msingi: la mpangilio, la skrini ndogo na la mwonekano wa jumla. Lile la skrini ndogo lina sharti la upana usiozidi pikseli 768. Kwenye kompyuta bado hupakuliwa, ila halicheleweshi uchoraji. Hapo walifikiri vizuri.

Dawa iliyozoeleka ni hii: ndani ya functions.php, ukurasa usipokidhi is_woocommerce(), ondoa mafaili hayo kwa wp_dequeue_style. Ukurasa wa mbele unakuwa mwepesi, fundi analipwa, anaaga. Kisha mteja anagusa kikapu na kukuta jedwali limesambaratika, vitufe vimepoteza rangi. Jina la funksheni ndilo linalodanganya. is_woocommerce() huitikia kwenye ukurasa wa duka, wa makundi na lebo, na wa bidhaa, basi. Kikapu, malipo na akaunti ya mteja havimo. Navyo vinadai is_cart(), is_checkout() na is_account_page(). (Nami nimewahi kunasa humo, na aliyegundua alikuwa mwenye duka.) Ukiwa umepanga bidhaa za ofa ukurasa wa mbele, hata sharti lenye funksheni zote nne halitoshi: ongeza is_front_page().

Linalobaki ni mfuatano wa mafaili yako na ya WooCommerce. Kanuni mbili zenye uzito sawa zikigongana, inayosomwa mwisho hushinda. Asiyelijua hili huanza kupachika !important, na mwezi haujaisha zimeota kama magugu. Ilhali wp_enqueue_style imeacha nafasi ya tatu kwa kazi hiyohiyo: taja woocommerce-general, lile la mwonekano wa jumla, kuwa tegemeo, nayo itatangulia faili lako. Angalia tu kwamba tegemeo uliloliondoa hurudi kimyakimya pale faili linalolitegemea linapoitwa. Kwa hiyo mitindo yako ya duka ikae kwenye faili lake, liitwe kwenye kurasa za duka peke yake. Nafasi ya nne ni ya toleo. Ibadilishe kila unapohariri, la sivyo wateja wa zamani wataendelea kuona faili la zamani.

Kabla hujakabidhi kazi, shika simu, tia bidhaa kikapuni, fika hadi malipo. Ukurasa wa mbele uangalie mwisho.