Umoja wa Vikao na Pamba ya Choma

Mwaka 2016 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliagiza mitumba ikomeshwe ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vifufuke. Kwa mkulima wa pamba wa Choma, wilayani Igunga, shabaha hiyo ilikuwa sahihi. Marekani ilipotishia kufuta nafuu ya ushuru, Kenya ilijitoa. Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda ikabaki peke yake, na mwaka 2018 ikaadhibiwa.

Kosa liko wapi? Jumuiya huamua kwa kauli moja ya wakuu, lakini utekelezaji huachiwa kila nchi. Ubeberu unaujua udhaifu huo: huibana nchi moja moja. Uamuzi usiojadiliwa na wakulima na wafanyakazi hauna wa kuulinda. Makada, tuanzie mjadala huo Choma.