Sauti ya Inchaji

Mzazi akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, leba nzima humgeukia muuguzi mfawidhi, inchaji kama wenzake wanavyomwita. Ninachokistahi kwa inchaji hodari ni zile sekunde chache kabla hajatoa amri ya kwanza. Haruki, hapayuki. Mkono uko tayari tumboni kwa mama, unakanda mfuko wa uzazi. Macho yameshapita kwenye shuka, kwenye dripu, kwenye sura ya mkunga kijana aliyeganda pembeni. Anashusha pumzi. Kisha anasema, kwa sauti ya chini kuliko ya kila siku, akimtaja kila mtu kwa jina: wewe oksitosini, yuniti 10, wewe kanula ya pili, wewe mwite daktari, upitie benki ya damu. Kila aliyeagizwa anaitamka amri yake kabla ya kuondoka. Humsikii akisema "jamani, mtu alete dawa," maana agizo la wote halina mwenyewe.

Watu husema inchaji huyu kajaliwa roho ngumu. Sikubali. Utulivu ule umefinyangwa, na walioufinyanga ni pamoja na yeye mwenyewe.

Umefinyangwa kwanza kwa mazoezi. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona kwamba kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua haikutosha kubadili utendaji wa leba. Kilicholeta tofauti ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, kwa mwanasesere. Mikono iliyokwisha kuzoea haiombi ruhusa kwa hofu, na akili inabaki huru kuamua yale ambayo mikono haiwezi kuyaamua.

Halafu kuna hofu yenyewe, na hapa ndipo ufundi unapokuwa mgumu kuuona. Mwanasaikolojia James Gross wa Marekani na wenzake walionyesha kuwa anayejitahidi kuficha hisia zake usoni hukumbuka vibaya zaidi yanayopita mbele yake, kwa kuwa sehemu ya umakini wake inatumika kulinda uso. Anayeitazama hali kwa namna nyingine tangu mwanzo hapati hasara hiyo. Kwa hiyo inchaji aliyeiva hajikazi awe jiwe. Moyo ukidunda anajiambia mwili unajiandaa kwa kazi, anaendelea. Naliona hili kuwa jambo kubwa, hasa kwetu ambako muuguzi hufunzwa mapema kwamba kuwa imara ni kutoonyesha kitu.

Tena anajua kuamua kabla ya hatari kufika. Damu ikikadiriwa kwa macho mara nyingi huonekana pungufu, na usiku wa manane hakuna anayependa kumwamsha daktari bure. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 baada ya kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ikifika kiwango kilichowekwa, matibabu yote yanaanza kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Ule mstari haumwondolei inchaji kazi ya kufikiri, unamwondolea kusitasita.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi hukabidhiwa uongozi wa wodi kwa miaka ya utumishi na wepesi wa mikono, kisha wanaachwa wajifunze haya peke yao, katika zamu ambazo muuguzi mmoja anagawanywa kwa vitanda vingi na lazima achague nani asubiri.

Walio bora huwafundisha wengine bila kungoja semina. Mama akishatulia na faili likiandikwa, inchaji huwaketisha wenzake dakika chache. Haulizi nani kakosea. Anauliza tuliona nini, tulichelewa wapi, na wewe uliyeganda ulikuwa unawaza nini. Siku ya zoezi linalofuata anavaa tumbo la bandia lenye damu ya maji ya rangi, analala kitandani kama mzazi, na yule mkunga kijana ndiye anayetoa amri.