Waya kwa Mgonjwa wa Kiharusi?

Waya ule haukupaswa kufungwa. Nalisema mapema kwa sababu wengi mlioutazama upasuaji wa mgonjwa wetu wa Ndama mlipiga makofi taya lililoteguka liliporudi, na sehemu hiyo ilistahili: usingizi kamili, dawa ya kulegeza misuli, vichwa vya taya vilivyokaa nje kwa miezi vikashushwa na kurudishwa nyuma bila kuvunja kitu.

Halafu meno ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya, wiki nne. Mtu mwenye kiharusi! Upande mmoja umepooza, mate yake mwenyewe yanampalia, ulimi haumtii, hata kusema kwamba anataka kutapika hawezi. Akitapika usiku, matapishi yatakwenda wapi kama si mapafuni? Nani pale nyumbani ana koleo la kukatia waya, na nani amefundishwa akate wapi? Hospitali ya Nyakahanga si mbali na Ndama, lakini njia ya hewa ikiziba, gari halitawahi.

Raba zingetosha. Hushikilia taya, na mlezi huzikata kwa mkasi wa kawaida. Na kama hofu ilikuwa taya kuteguka tena, hofu ya haki kwa kuwa misuli iliyokakamaa hulivuta mbele, mbona hakuna aliyemkumbuka Myrhaug? Mwaka 1951 Mnorwei huyo alieleza namna ya kuondoa kinundu cha mfupa kilicho mbele ya kiungo, ili kichwa cha taya kikitoka kisinaswe huko. Kwa mgonjwa asiyeweza kujizuia kupiga miayo, mradi mwili wake unahimili usingizi, mimi ningeanzia hapo.

Tena wapasuaji wasibebe lawama peke yao. Nimelisema hili hadi nimewachosha: wodini mdomo ule ulitazamwa kila asubuhi na kuitwa kiharusi. Mdomo uliolegea kwa kiharusi hufungika ukiusukuma kwa mkono. Huu ulikuwa umekwama wazi, kidevu kimetokeza, na mbele ya kila sikio pamebonyea. Kidole kimoja kingetosha kugundua. Siku ya kwanza ya kuteguka, tiba ni vidole gumba juu ya magego ya chini, unakandamiza chini, unasukuma nyuma. Maandishi ya Hippocrates yalikwisha kueleza hivyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, bila eksirei. Wodi ile ikamwekea mpira wa puani, ikamlisha uji, ikaandika “mdomo wazi” kwenye faili, wiki baada ya wiki, hadi makovu yakakikaza kiungo.