Filamu za Wawili, Watoto Wakishalala

Jamaa aliyekuwa akituuzia muvi mtaani alikuwa na swali moja kwa kila mteja: "Ya vita ama ya mapenzi?" Ukiingia dukani kwake na mwanamke hakuuliza kitu. Mkono wake ulienda moja kwa moja kwenye sanduku la mapenzi, akakutolea diski ya shilingi 50 yenye filamu sita zilizobanwa pamoja, picha zikiwa na ukungu kama dirisha la matatu wakati wa mvua. Biashara ile imekufa. Watu siku hizi wanatazama kwa bando au wanawekewa kwenye flashi, lakini sanduku la mapenzi bado lipo, limehamia tu kwenye simu. Tafuta orodha yoyote ya filamu za kutazama na mpenzi wako nyumbani, utazikuta ni zile zile. Titanic. The Notebook. Nyingine kumi ambamo watu wawili wanagongana kahawa ikamwagika, wanachukiana dakika 40, kisha wanakimbizana uwanja wa ndege.

Sina ugomvi na Titanic (1997). Ni filamu nzuri na kule kuzama kwa meli bado kunanitoa jasho. Ila Jack na Rose wanajuana siku chache tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake kama kodi ya nyumba imelipwa, au ni zamu ya nani kuosha vyombo. Bahari inamchukua Jack kabla hajamkoromea Rose hata wiki moja. Sasa wewe na mwenzako mmekaa kwenye kochi, watoto wamelala, mna miaka saba pamoja, mnatazama watu ambao hawajaanza kile mnachokifanya nyinyi kila siku. Mtalia kidogo, mtalala.

The Notebook (2004) inaniudhi zaidi, kwa sababu ndani yake mna filamu nyingine iliyofichwa. Mzee anamsomea mkewe hadithi ya maisha yao kwenye makao ya wazee. Mke amepoteza kumbukumbu, hamjui. Gena Rowlands ndiye mke huyo, na aliyeongoza filamu ni mwanawe wa kumzaa, Nick Cassavetes. Inafika mahali anamkumbuka mumewe, wanacheza dansi taratibu, halafu ghafla macho yanabadilika, anamwona mgeni aliyemshika mwilini, anapiga kelele. Uso wa James Garner pale! Kama kuna kitu cha kuwaonyesha watu walioahidiana kuzeeka pamoja, ni uso ule. Lakini filamu haina subira na wazee. Inawatumia kama wasimulizi, kisha inakimbia kurudi kwa vijana, mvua na busu. Bango lenyewe lilichapwa lile busu.

Kipimo changu ni hiki: filamu ikiisha, mtaambiana nini? Na hata kabla haijaisha. Sisi Wakenya hatukulelewa kutazama filamu kimya. Wengi wetu tulikulia kwenye vibanda vya video tukimsikiliza DJ Afro akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wa Kihindi na wa Kichina, akiwatilia maneno mdomoni, akiwakosoa, akiwaonya adui yuko nyuma ya mlango. Kuongea ilikuwa sehemu ya tiketi. Ukumbini mjini ukinong'ona unageukiwa. Nyumbani una kitufe cha kusimamisha, na kwa wawili waliooana hakuna kifaa bora kuliko hicho.

Before Midnight (2013) nimeitazama kwa njia hiyo. Ni ya tatu katika mfululizo wa Richard Linklater. Katika ya kwanza, ya 1995, Jesse na Céline wanakutana kwenye treni na kuzunguka Vienna usiku kucha. Ya pili, 2004, wanakutana tena Paris. Orodha zote zinapendekeza ile ya kwanza. Mimi nasema anzeni na hii ya tatu, hata kama hamjaziona nyingine, kwa sababu hapa wana watoto mapacha, yeye Jesse ana mtoto mwingine Marekani kwa mke wa kwanza, na wote wawili wamechoka. Wako likizoni Ugiriki. Marafiki wanawalipia hoteli usiku mmoja na kujitolea kubaki na watoto, ili hawa wawili wapate muda wao. Yaani filamu yenyewe inahusu deti, ile tunayoambiwa na kila mshauri wa ndoa kuwa ni dawa.

Wanafika chumbani, kuna mvinyo, wanaanza kushikana. Simu ya mtoto inalia. Kuanzia hapo ni karibu nusu saa ya ugomvi, na sijaona ugomvi ulioandikwa vizuri hivyo. Céline anagombana akiwa ameshusha nguo hadi kiunoni na hakuna anayeona ajabu, wala yeye mwenyewe. Ndivyo watu waliozoeana wanavyogombana. Kinachogombewa hakitajwi moja kwa moja kwa muda mrefu. Jesse anatamani kuhamia karibu na mwanawe, Chicago, lakini hataki kuwa yeye aliyeomba. Céline ana kazi mpya mkononi na anajua mwanamke ndiye husogea mume akitaka kusogea. Kila mmoja ana haki, na kila mmoja anaitumia haki yake kama rungu. Ethan Hawke na Julie Delpy waliandika filamu hii pamoja na mwongozaji, na unasikia kabisa kwamba mwanamume hakumwandikia mwanamke maneno ya kushindwa.

Tuliisimamisha mara tatu. Mimi nilikuwa upande wa Céline, mke wangu akawa upande wa Jesse, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Angalau huyu ana sauti ya chini, na hatoki chumbani." Ni kweli, anayetoka ni Céline, tena zaidi ya mara moja. Tukabishana kama kutoka ni kukimbia au ni kujinusuru. Chai ikapoa.

Nina lawama moja kwa filamu hii. Mwishoni Jesse anamfuata Céline kwenye meza za nje, karibu na bahari, na kujifanya ni msafiri aliyetoka wakati ujao akiwa na barua. Inapendeza, anachekesha, Céline anakubali kucheza naye. Lakini swali la Chicago halijajibiwa. Jesse ni mwandishi wa riwaya, na anafanya kile waandishi hufanya wakibanwa: anatunga hadithi. Wengi huuona mwisho huo kuwa upatanisho. Mimi naona mtu mwenye kipaji amekwepa tena, na mke aliyechoka ameamua kumwacha akwepe kwa usiku huo.

Kama mna kinyongo ambacho hakijazungumzwa, hii isiwe filamu ya Ijumaa. Chukueni Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair. Inaanzia kwetu hapa jirani, Kampala, 1972, Idi Amin amewapa Waasia siku 90 kuondoka. Jay ni wakili aliyezaliwa Uganda. Rafiki yake wa tangu utotoni, Okelo, ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya watu weusi, na Jay hamsamehi kwa sentensi hiyo. Baadaye tunawakuta Mississippi, wanaishi moteli ya jamaa zao, na binti yao Mina amegonga gari la Demetrius, kijana mweusi mwenye kampuni ndogo ya kusafisha mazulia. Mina ni Sarita Choudhury, hiyo ikiwa filamu yake ya kwanza. Demetrius ni Denzel Washington, na sihitaji kuongeza neno. Kuna mahali wanaongea kwa simu usiku, kila mmoja kitandani kwake. Ile simu ina joto kuliko vitanda vyote vya sanduku la mapenzi.

Ukiitazama Nairobi filamu hii inakuuliza maswali ya karibu. Tunanunua vitambaa na vipuri kwao, wanatuajiri, tunakaa shule moja na watoto wao, na bado harusi ya Mhindi na Mwafrika inageuza shingo za watu. Baba yako angesema nini? Muulize mwenzako, mjibu kwa ukweli, filamu ikiwa imesimama.

Ila kwa waliooana, tazama wazazi. Jay anaishi Mississippi mwili tu. Kila jioni anaandika barua kwa serikali ya Uganda akidai mali yake, miaka nenda miaka rudi. Kinnu, mkewe, anauza duka la pombe. Yeye ndiye analeta unga nyumbani, yeye pia alipoteza Kampala, lakini huzuni ya mume imechukua nafasi yote ya nyumba na yake imebaki kusimama mlangoni. Sharmila Tagore anaigiza haya yote kwa kukunja nguo na kutazama pembeni. Vijana wanapatana mapema mno kwa maoni yangu. Wanaingia kwenye gari na kuondoka, na filamu haitaki kujua watakula nini. Swali la Kinnu ndilo gumu. Utaishi vipi na mtu ambaye moyo wake umeshitakiana na nchi nyingine? Jay anapata jibu lake mwishoni, Kampala, mtoto asiyemjua akiwa mikononi mwake, na nisiseme zaidi.

Kuna jambo lingine ambalo filamu hizi zote mbili haziwezi kutupa, nalo ni lugha. Mapenzi ya skrini tumeyajua kwa Kiingereza kiasi kwamba vijana wengi mtaani wakitaka kutamka neno zito la moyoni wanabadili lugha kwanza. Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji inatibu ugonjwa huo. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Waingereza bado wanatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mbali, anatoroka, anahifadhiwa na rafiki yake Mwajuma, kisha anampenda Denge, mwanaharakati anayewindwa na polisi wa mkoloni. Aliyeisoma riwaya ataona mengi yamekatwa, na mwanzoni utanung'unika kwamba picha inatembea polepole. Iache itembee. Kiswahili kile hakina haraka, kinazunguka jambo kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango uliofunguliwa. Unasikia mwanamke akikataa bila kusema hapana. Baada ya hapo jaribuni kuambiana jambo kwa Kiswahili, sio kile cha kuitisha chumvi.

Na Denge ana dosari ambayo inafaa kujadiliwa sebuleni: ana mke mkubwa, na mke huyo ni siasa. Yasmin anajua tangu mwanzo. Filamu inawapenda wote wawili kiasi kwamba haimhukumu Denge kwa karatasi za chama anazoziweka mbele ya kila kitu. Mimi ningependa imhukumu kidogo.

Kwa siku ambazo mmoja wenu husinzia saa tatu na nusu, iko Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya, saa moja na robo hivi. Mwanamke anaamka nyikani akiwa na vazi la hospitali, hakumbuki kitu, anaingia kwenye loji ambamo kila mgeni ameshakufa. Siyo ya kimahaba kwa maana ya sanduku. Lakini itawafanya mwulizane ni kitu gani mngebaki mnakizunguka hamwezi kuondoka.

Yote haya yamedhani kwamba mna nyumba, mlango, na ruhusa. Kena na Ziki katika Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu hawana. Ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja Nairobi, na wamependana. Deti yao wanaifanyia ndani ya gari bovu lililotelekezwa, maua yameotea humo, hapo ndipo sebule yao. Hadithi ya wazazi ni nyepesi, imechorwa haraka, na umati unapokuja unakuja kama umati wa filamu yoyote. Lakini ndani ya lile gari, Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva wanatazamana kwa woga wa watu wanaohesabu dakika, na ni woga huo ambao orodha za kochi hazijawahi kuufikiria. Sisi wengine tunalalamika kwamba hatuna muda wa kukaa pamoja. Hawa hawana pa kukaa.

Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiondolea marufuku kwa siku 7 na watu wakajaza kumbi. Wanuri Kahiu amesimulia kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, una matumaini mno. Mwisho wenyewe ni huu: Kena yuko peke yake juu ya kilima, jiji liko chini. Mkono unatua begani mwake. Hatuoni busu, hatuoni harusi, wala hatuambiwi kama watapata nyumba. Ni mkono tu, na filamu inakatika.