Tone Lisilowasha

Mgonjwa wa presha ya macho hamjui aliyemtengenezea dawa yake. Anachojua ni kwamba tone likiingia jichoni haliwashi, na hilo peke yake lingetosha kumpa mfamasia sifa. Jicho likikerwa hububujikwa machozi, na machozi huibeba dawa hadi shavuni kabla haijafanya kazi. Kutowasha, basi, ni sehemu ya tiba.

Chukua pilokapini, dawa ya presha ya macho, ya asilimia 1. Machozi huganda kwenye nyuzi 0.52 chini ya sifuri, sawa na maji yenye chumvi ya asilimia 0.9. Chembe zikizidi majini, kiwango cha kuganda hushuka, na nguvu ya kuvuta maji kutoka kwenye seli hupanda. Ziwe chembe za chumvi au za dawa, kinachohesabika ni wingi wake. Gramu 1 ya pilokapini haidrokloridi hushika nafasi ya gramu 0.24 za chumvi. Kwa mililita 100, basi, zinabaki gramu 0.66 za kuongeza. Ni hesabu ya kutoa tu, ya shule ya msingi, ila linaloihakiki ni jicho la mtu.

Tena wingi nao una hila. Asidi ya boriki ya asilimia 1.9 huganda pale pale yanapoganda machozi, na jicho huipokea bila nongwa. Zitumbukize humo seli nyekundu za damu: zinapasuka, kwa kuwa asidi hiyo hupenya utando wake na maji huifuata ndani.

Kinachonivutia zaidi ni bafa, yaani kizuizi cha pH kubadilika. Pilokapini hudumu chupani ikiwa na uchachu, kwa kawaida pH kati ya 4 na 5, ilhali machozi yako karibu na 7.4. Fundi asiye na subira angeweka bafa kali, dawa isitikisike kamwe. Mfamasia mjuzi huiweka dhaifu: inailinda dawa rafuni, lakini ikifika jichoni inayaachia machozi, yenye bafa yake yenyewe, yaivute kwenye pH yao. Kujua mahali pa kushindwa ni ustadi adimu.

Nawe msomaji, usimharibie kazi. Jicho haliwezi kushika hata tone moja zima, kwa hiyo la pili hupotea bure. Ukiandikiwa dawa mbili, subiri dakika 5 kabla ya kutia ya pili.