Ramani ya Njia Isiyo na Magari

Ramani ninayo hapa mezani, imekunjwa mara nane na imechanika kwenye mikunjo. Aliiacha mfanyakazi mmoja wa misaada alipomaliza mkataba na kurudi kwao, pamoja na pampu ya baiskeli na vitabu viwili vya Kifaransa. Ni ramani ya Congo Nile Trail, ile njia ya kilomita 227 inayoanzia Rubavu, inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, inaishia Rusizi. Anayetembea kwa miguu huhesabiwa siku kumi, mwenye baiskeli siku tano. Nimeisoma mara nyingi kama mtu anavyosoma kitabu, na kama kitabu nataka kuihakiki. Ina mwandishi wake, ina msomaji anayemlenga, na ina watu ambao hakuwaweka.

Mimi nimekulia Kiziba. Kwa wasomaji wa Mahama ambao hawajafika upande ule: kambi yetu iko juu ya mlima wilayani Karongi, ipo tangu 1996, na siku isiyo na ukungu unaliona ziwa Kivu kule chini. Kwenye ramani hii kuna alama ya kitanda, alama ya kahawa, alama ya kanisa, hata alama ya kamera pale wanapotaka usimame upige picha. Kiziba haipo. Tulikuwa maelfu ya watu pale juu, na mchoraji ametupaka rangi ya kijani kama msitu.

Lakini nisianze na hasira. Nianze na jina, maana jina nalo lina kasoro. Kongo na Nile ni mito miwili, na kati yake kuna mgongo wa milima unaogawa maji. Mvua ikinyesha magharibi ya mgongo ule inashuka Kivu, inafuata Ruzizi hadi Tanganyika, na mwisho inaingia mto Kongo. Ikinyesha mashariki inaingia Nyabarongo, kisha Akagera, ziwa Viktoria, inaenda zake hadi Misri. Sasa njia yenyewe kwa sehemu kubwa haiko juu ya mgongo. Iko chini, inazungukazunguka kando ya ziwa. Maji yote unayoyaona kutoka kwenye baiskeli yanaelekea Kongo, Nile huuoni hata tone. Mtu aliyechagua jina alitaka mito miwili mikubwa kwenye kibao kimoja, na mimi simlaumu sana, hata wauza duka wanafanyaka hivyo.

Vile vitabu viwili vya Kifaransa ndivyo vilivyonifungua macho. Vinaeleza njia za baiskeli za vijijini Ufaransa, zisizopita magari. Nyingi zimetengenezwa juu ya reli za zamani ambazo treni ziliacha kupita, au kando ya mifereji ambako farasi walikuwa wakivuta mashua. Treni haipendi mlima. Kwa hiyo njia iliyorithi reli inapanda polepole sana, na hata bibi wa miaka sabini anaendesha huku akiongea na mwenzake. Rwanda haijawahi kuwa na reli. Njia zetu zilichongwa na nyayo za watu waliokuwa wanaenda sokoni, mtoni, kanisani, na mwenye ndoo kichwani hazunguki mlima, anakata moja kwa moja. Ndiyo maana wageni wanafika Karongi wakisukuma baiskeli, nyuso nyekundu, wanauliza nani alibuni njia hii. Hakuna aliyebuni. Iliwekewa vibao tu. Ramani ingesema hivyo kwa sentensi moja, ingekuwa ramani nzuri zaidi, na watu wangebeba mizigo midogo.

Sasa nije kwenye lile neno lenyewe: bila magari. Ramani inalitoa kama zawadi. Kwa mtu aliyeacha gari lake nyumbani, barabara isiyo na gari ni mapumziko. Kwa anayeishi pale ni kitu kingine. Tulipokuwa watoto tulikutana mara nyingi na wanaume wanne wakikimbia na machela begani, ndani kuna mama mjamzito, nyuma kuna mtu amebeba taa. Tulifundishwa kusogea haraka kando ya njia na kunyamaza. Baadaye ikaja ile barabara ya lami kutoka Rubavu hadi Rusizi. Sehemu za njia ya zamani zikamezwa na lami, na waendesha baiskeli wakanuna.

Nilikuwa natafsiri kidogo kwa wageni wakati huo, kwa pesa ya sabuni. Siku moja tulisimama kwa mama mmoja anayeuza chai kando ya barabara, mgeni wangu akaanza kulalamika kwa Kifaransa, mikono hewani. Mama akaniuliza:

"Mutoto yangu, huyu muzungu analia nini?"

"Anasema lami imeharibu njia, mama."

"Umuambie akuje azaliye hapa usiku, kisha aongeleye lami."

Sikumtafsiria. Nilimwambia mgeni kwamba chai ni mia mbili.

Nimejuta baadaye. Ile ndiyo ilikuwa sehemu ya ramani iliyokosekana, na mimi mwenyewe ndiye niliyeificha.

Ila sasa naishi Kigali, na hapa hoja yangu inanigeuka. Jumapili mbili kwa mwezi mji huu unafunga barabara zake kubwa asubuhi, watu wanatoka kukimbia na kuendesha baiskeli. Utaratibu ulianza 2016. Mimi huazima baiskeli ya jirani, naijaza upepo kwa pampu ile niliyoachiwa, nateremka. Husikii moto, husikii honi, unasikia mnyororo na pumzi yako. Watoto wako katikati ya lami wanajifunza kupanda, baba zao wanashikilia kiti kwa nyuma. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika hapa, mara ya kwanza Afrika, na nilisimama kwenye mawe ya Kimihurura kuwaona wanaume waliokimbia kilomita 267.5 kwa siku moja, zaidi ya njia nzima ya ramani yangu. Pogačar alishinda. Basi siwezi kusema kwamba anayetafuta barabara tulivu anatafuta upuuzi. Na mimi naitafuta. Tofauti ni kwamba Kigali saa za kufunga zikiisha magari yanarudi, na mgonjwa anafika hospitali.

Mwezi uliopita mama alikuja kunitembelea. Alizaliwa Masisi, huko ambako vijana wanateremsha viazi na makaa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kwenye njia ambazo hakuna mgeni aliyeziwekea vibao. Nilimtandazia ramani mezani. Hakuangalia njia hata kidogo. Aliangalia upande wa pili wa ziwa, ambako mchoraji ameweka kijivu kitupu, na kisiwa cha Idjwi kina mstari wa kukizunguka tu, ndani hamna kitu.

"Na huku ng'ambo bameandika nini?"

"Hawajaandika kitu, mama."

Akaweka kidole kwenye kile kijivu akaanza kutaja. Hapa Minova. Hapa Sake, njia inagawanyika. Alienda taratibu, kama mtu anayepanda, anapumzika kidogo, anaendelea. Alipofika Masisi karatasi ilikuwa imekwisha, kidole kikawa juu ya meza. Akauliza kwa baiskeli ni siku ngapi. Nikamwambia sijui mama, kule hawajapima.

Baada ya kuondoka nimeongeza majina yale kwa kalamu ya bluu, na Kiziba pia, juu ya ule msitu wa uongo. Ramani iko kwangu Nyamirambo. Anayetaka kuiazima aje, lakini asiikunje tena upande wa Karongi, pale pameshachanika.